Jiwe Lenye Mguu wa Kuku

Sehemu ya sita

Mlioniacha wiki iliyopita nimesimama mlangoni na mwiko mkononi, bado nimesimama. Ambaye ndiyo kwanza ananishika leo, namfupishia balaa zangu.

Mimi ni Bonifasi Mugeta, fundi wa mashine za boti hapa Musoma. Ziwa lilifura likameza kibanda changu cha kazi pamoja na vyuma vyote. Nikahamishia ufundi uani kwangu, mtaa wa Kifusini, wateja wakasema ni mbali. Nikiwa katika hali hiyo, ukoo wangu ukashuka kutoka Nyamuswa na masururu, ukasema unataka kuchimba jikoni kwangu.

Kiongozi wa msafara alikuwa baba mdogo Ephraim, mdogo wake marehemu baba. Ni diwani aliyeangushwa na wapiga kura, na mpaka leo anatembea na kalamu mbili mfukoni kana kwamba kuna mtu atamwomba sahihi. Nyuma yake vijana wa ukoo. Katikati yao, juu ya ndoo iliyogeuzwa, shangazi Nyangi, mwenye kumbukumbu zote za ukoo, hasa zile ambazo hakuna mwingine aliyekuwepo kuzipinga.

"Bonifasi," baba mdogo akasema, "Nyamuswa vuli imegoma. Pamba hatujapanda. Ng'ombe wanalamba udongo. Na wewe umekaa juu ya jiwe letu la mvua, unapikia ugali."

"Baba mdogo, mimi nimekaa juu ya kifusi cha mkoloni."

"Na hicho kifusi kilitoka wapi?"

Hapo alinibana. Kifusi kilitoka kwetu.

Habari ya kifusi hiki nimeisikia tangu naota meno, na kila nikiisikia namdharau zaidi aliyekipanga. Wazee wanasimulia hivi. Wakati wa vita kuu ya pili, serikali ya mkoloni iliweka kambi ya askari na ghala la risasi kwenye ncha ya ziwa, hapa juu yetu. Watu wengine wa serikali hiyo hiyo wakataka bandari, papo hapo, chini ya ghala. Mahali palipowapendeza palikuwa na maji, basi wakapanga kuyafukia maji.

Askari wakasema fukieni, ila msisogelee risasi zetu. Wa bandari wakasema ondoeni risasi zenu, meli zifunge wapi? Wakabishana kwa adabu, kwa chai, mwaka hadi mwaka. Vita ikaisha wao bado wanabishana.

Muda wote huo watu weusi walikuwa wanabeba mawe, maana hakuna aliyekumbuka kuwaambia waache. Babu yangu alitolewa Nyamuswa kwenda kupasua na kubeba. Kilima cha kwetu kilipakiwa kwenye malori kikamwagwa ziwani. Mwishowe mabwana wakapatana jambo moja tu, kusimika mawe ya mpaka, huku jeshi, huku bandari. Kisha wakafunga mizigo wakaenda kwao. Bandari haikujengwa na risasi hazikupigwa. Kikabaki kifusi, na baba yangu akajenga nyumba juu yake.

"Marehemu babu yenu alikuwaga anasema," shangazi Nyangi akadakia kutoka kwenye ndoo, "'Jiwe yetu yenye mguu wa kuku iko Musoma, chini ya kifusi.' Alikuwaga analia akisema hivyo."

"Shangazi, babu alikuwa analia akishakunywa."

"Wewe ulikuwa wapi? Ulikuwa hujazaliwa. Nyamaza."

Mke wangu Benedikta alikuwa ameshatoa sufuria nje. Benedikta ni mtu wa Butiama, binti wa familia ya kanisa, na akinyamaza huwa sijui kama amekasirika au anasali. Nilidhani yuko upande wangu. Likumbukeni hilo.

Basi wakachimba. Mafiga yakatupwa uani, sakafu ikapasuliwa, maji ya ziwa yakaanza kuvuja kutoka chini. Baba mdogo alisimamia akiwa amekunja suruali bila kushika hata jembe. Nilikuwa nimeanza kucheka moyoni, mtarimbo ukagonga kitu.

Walipolisafisha, nikaona jiwe refu lililochongwa, limesimama wima kama nguzo.

"Jiwe gani la mvua lina pembe nne kama tofali?" nikauliza.

"Mababu walikuwa mafundi," baba mdogo akajibu bila kupepesa.

Kijana mmoja akamwaga maji juu yake. Kichwani palikuwa na mistari mitatu iliyochongwa, imekutana ncha moja. Mguu wa kuku, dole kwa dole. Shangazi Nyangi, ambaye asubuhi alishushwa kwenye gari kwa kubebwa, aliruka kutoka kwenye ndoo na kupiga vigelegele mpaka majirani wakatoka.

Jiwe lilikataa kutoka. Wakalishindilia mitarimbo, wakalisukuma huku na huku, likalia kaa! likakatika shingoni. Kitako kikabaki chini kimeshikwa na zege.

"Limekubali!" wakashangilia.

Wakalifunga kwa khanga ya shangazi, wakalipakia kwenye kigari cha kirikuu, wakaondoka wanaimba. Mimi wakaniachia shimo. Kabla sijapata hata wa kunisaidia kulifukia, maji yalikuwa yameshajaa na chura ameshahamia. Tukatandika mkeka juu, tukapikia uani.

Kesho yake mchana simu ikaita. Nilipopokea, nilichosikia kwanza ni mvua kwenye bati.

"Unasikia?" baba mdogo alikuwa anapiga kelele. "Unasikia hiyo?"

"Nasikia."

"Imenyesha Nyamuswa yote! Imefika mpakani mwa Butiama ikasimama, kama imewekewa uzio! Wako huko ng'ambo wanatuangalia tu!"

Akacheka, na mimi nikacheka naye. Sikucheka kwa furaha ya mvua. Nilicheka kwa sababu watu wazima walikuwa wamelishangilia jiwe, na mawingu, kwa ujinga wao tu, yakaamua kuwasaidia. Nilipokata simu nikamsimulia Benedikta, nikitegemea acheke pia.

"Butiama haijanyesha kabisa?" akauliza.

"Hata tone."

Akainamia sufuria yake. Asubuhi akaniambia anakwenda Butiama kumwona mama yake, mguu unamsumbua. Nikamwambia aende.

Siku iliyofuata akaja kijana mmoja amevaa kizibao cha kung'aa, mkononi ana tableti, begani ana miguu mitatu ya chuma ya kupimia. Akajitambulisha kuwa ni Revocatus, mpima ardhi wa mradi wa bandari mpya.

"Bandari gani?" nikamuuliza.

"Ile ile ya zamani, mzee wangu. Mpango wa mkoloni, sisi tumeuboresha tu. Wale watu walikuwa wanajua kupanga."

Nilitazama ziwani, ambako nusu ya mpango wao ilikuwa imelala chini ya magugu maji, nikamwangalia usoni kuona kama anatania. Hakuwa anatania. Amesomeshwa, amevishwa kizibao, akatumwa kuja kumsifu mtu aliyeshindwa kujaza kidimbwi.

"Sasa hapa kuna mstari," akaendelea. "Walio upande wa bandari watalipwa fidia na kupewa viwanja. Walio upande wa jeshi ni wavamizi. Hao wanabomolewa Jumatatu, hakuna cha fidia."

"Na mimi?"

Akapapasa tableti yake.

"Kwa ramani ya mkoloni, nyumba yako yote iko jeshini."

Nikashika fremu ya mlango. Nyumba ile ndicho kitu pekee nilichobaki nacho. Kibanda kimeliwa, wateja wamekimbia, na baba yangu ndiye aliyelipiga kila tofali lake.

"Ila ramani za zamani hazikai sawa na vipimo vyetu," Revocatus akasema. "Zinasogea upana wa nyumba hivi. Kinachomaliza ubishi ni jiwe la mpaka lenyewe. Mengine yote yamechukuliwa na ziwa. Limebaki moja, na liko hapa hapa karibu. Lina alama ya mshale wa jeshi, hivi."

Akachora kwa kidole kwenye vumbi la dirisha. Mistari mitatu imekutana ncha moja.

Mguu wa kuku, dole kwa dole. Nikafikiri huyu amekuja kunikamata, nikajifanya mjanja.

"Jiwe la namna hiyo sijawahi kuliona."

"Pole sana, mzee. Maana kama lingekuwa hapo jikoni kwako, basi mpaka unapita jikoni. Nyumba nzima ingebaki upande wa bandari. Ungepoteza jiko tu."

"Ahaa," nikasema. "Jiwe hilo!"

"Unalijua?"

"Tunapikiaga juu yake."

"Na liko mahali pake? Maana aliyeling'oa hilo, mzee wangu, ni jela."

"Lipo," nikasema, nimesimama mbele ya mkeka asije akaukanyaga akaogelea. "Liko chini ya sakafu."

"Safi. Ijumaa nakuja na wakubwa. Fungua sakafu, tulipime."

Alipoondoka nikakaa chini nikafikiri. Kitako bado kilikuwa kimo shimoni, kimeshikwa na zege la mkoloni, na jiwe lilikatika pale shingoni. Likirudishwa lingekaa juu ya kitako chake kama jino kwenye fizi, hakuna anayeweza kubisha kwamba lilikuwa pale. Saruji kidogo, tope kidogo, na nyumba ya baba yangu ingepona. Kilichotakiwa ni kwenda Nyamuswa kuliomba.

Asubuhi nikapanda basi mpaka Bunda, na Bunda nikachukua bodaboda. Tulipoanza kuingia Nyamuswa pikipiki ikawa inateleza kwenye matope. Kushoto na kulia watu walikuwa wameinama wanapanda pamba, wanawake, wanaume, hata padri mstaafu nilimwona na kanda la mbegu.

"Jiwe lenu linafanya kazi, mzee," dereva akaniambia.

"Lina bidii," nikamjibu.

Nyumbani kwa baba mdogo palikuwa na watu kama wa harusi. Nikamvuta chumbani, nikafunga mlango.

"Baba mdogo, lile si jiwe la mvua. Ni jiwe la mpaka la mkoloni. Ule si mguu wa kuku, ule ni mshale wa jeshi."

Nilitegemea ashtuke. Alichukua njiti akaanza kuchokonoa meno.

"Mimi nimekuwa diwani," akasema. "Unafikiri sijui bikoni?"

"Ulijua?"

"Tangu linatoka kwenye tope. Pembe nne, zege chini. Itakuwa nini tena?"

"Na ukanyamaza?"

"Shangazi yako alikuwa ameshapiga vigelegele. Wewe ungeweza kuvirudisha? Na babu yako ndiye alikuwaga anayasimika hayo mawe, ndiyo maana alikuwa anayataja akilewa. Watoto wakasikia vibaya, wakakua nalo." Akatupa njiti. "Halafu imenyesha, Bonifasi. Imenyesha kweli. Toka hapo nje uwaambie wanaopanda kwamba mvua yao ni ya Mwingereza."

"Nyumba inabomolewa Jumatatu. Nyumba ya kaka yako."

Hapo akatazama chini. Kwa dakika nzima nilidhani kuna mtu ndani ya lile shati lake la kaunda. Kisha akanyanyua uso, akagusa kalamu zake mbili.

"Juzi watu wameniita mheshimiwa," akasema polepole. "Tangu uchaguzi hakuna aliyeniita hivyo. Hata mke wangu."

Nilimdharau mpaka masikio yakavuma. Mkoloni angalau alikuwa anajenga bandari. Huyu alikuwa anajenga salamu.

"Basi nipe jiwe Ijumaa tu. Jioni nakurudishia."

"Mimi siligusi. Lina mlinzi wake. Shangazi amesema lazima awe mwanamke aliyekuwa anapika juu yake. Ni mkamwana wetu."

"Mkamwana yupi?"

"Kwani wewe una wake wangapi? Mama Grace. Yupo tangu jana."

Benedikta. Aliyekwenda Butiama kumwona mama yake, eti mguu.

Nilivuka uwanja sijui nakanyaga wapi. Nyuma ya zizi palikuwa na kibanda kipya cha nyasi, na mlangoni, juu ya kigoda, alikuwa amekaa mke wangu. Paji la uso limepakwa siagi. Rozari yake bado iko shingoni. Wanawake wa ukoo, wale wale waliokuwa wanamnung'unikia kwamba ugali wake haujashikana, walikuwa wamepiga magoti mbele yake na vibuyu vya togwa.

Akawapungia mkono waondoke. Wakaondoka.

"Mama Grace, unafanya nini hapa?"

"Nimekaa."

"Na mguu wa mama yako?"

"Umepona."

Nikamweleza yote, mshale, mstari, Revocatus, Ijumaa, Jumatatu. Alinisikiliza mpaka mwisho, mikono mapajani, kama anasikiliza tangazo la kanisani.

"Nyumba yetu inakwenda, mama Grace," nikamalizia.

"Nyumba yetu?" akasema. "Tangu umenioa ulikuwaga unasema nyumba ya baba yako. Nikitaka kubadilisha pazia, ni nyumba ya baba yako. Leo inabomolewa, ndiyo imekuwa yetu?"

Iliniuma, maana ilikuwa kweli, na maana sikuwahi kujua kwamba alikuwa anasikia.

"Nisamehe," nikasema. Neno hilo lilinitoka kwa shida kama msumari wenye kutu. "Nipe jiwe, turudi wote. Utaweka pazia unalotaka."

Akasimama. Akachungulia nje, akaniingiza ndani, akavuta mlango wa matete. Katikati ya kibanda, juu ya ngozi ya kondoo mweusi, palikuwa na kitu kimefunikwa khanga ya shangazi. Benedikta akaifunua.

Lilikuwa jiwe la kusagia ulezi. Jiwe la kawaida, limechakaa katikati, limepakwa siagi kwa ukarimu.

"Liko wapi?" nikanong'ona.

"Butiama."

"Butiama?"

"Kaka zangu wamekuja leo asubuhi na pikipiki, wakaliweka kwenye gunia. Watu wote walikuwa mashambani wanapanda." Sauti yake ilikuwa chini lakini haikuyumba. "Mama yangu ana shamba, baba Grace. Mtama wake umekauka umesimama. Nyie mmenyeshewa mkacheka. Nilikusikia unacheka kwenye simu."

"Nilikuwa namcheka baba mdogo!"

"Mimi nilisikia unacheka."

"Lakini wewe mtu wa kanisa, kweli unaliamini lile jiwe?"

"Sijui kama naliamini. Najua nani alinyeshewa na nani hakunyeshewa."

Nikamwambia twende Butiama sasa hivi, tulichukue, basi la jioni litatufikisha Musoma. Akatikisa kichwa. Kaka zake wameshalifukia mahali, hata yeye hawakumwambia ni wapi.

"Na huku wakijua?" nikauliza.

Akairudisha khanga juu ya jiwe la kusagia, akaikaza pembe zote nne. Mwanamke huyu alizika watoto wawili, na sijawahi kumwona anaogopa.

"Wataniua," akasema.

Nje kelele zikazidi. Nikachungulia katikati ya matete. Baba mdogo Ephraim alikuwa anakuja mbele ya umati, amevaa koti la enzi za udiwani, anamvuta kondoo mweusi kwa kamba. Pembeni yake shangazi Nyangi, safari hii anatembea mwenyewe.

"Mama!" baba mdogo akaita kwa sauti ya jukwaani. "Fungua! Leo tunalitoa nje, watu waliotoka mbali walione!"

Nikapima haraka. Nikisema kweli, ukoo wote ungemwagika Butiama na masururu kulitafuta, wangelipata, na nyumba ya baba yangu huenda ingepona. Benedikta asingepona. Nikinyamaza, wangefunua khanga na kukuta jiwe la kusagia, na hapo tusingepona wote wawili.

Ngurumo ikapiga, nzito, ndefu. Niliona vichwa vinageuka, kimoja kimoja, vinaangalia upande mmoja.

"Mbona inanguruma Butiama?" shangazi Nyangi akauliza.

Kisha nikaona vichwa vile vile vinageuka tena, taratibu, kutoka Butiama kuja kwenye mlango wetu.

Benedikta akanishika mkono. Hakuwa amenishika mkono tangu siku tuliyomwoza binti yetu Grace.

"Baba Grace," akasema, "wewe ni mtu wa maneno. Sema kitu."

Nikafungua kinywa, na mlango wa matete ukavutwa kutoka nje.